Kompyuta Yangu Inalala Simba, Inaamka Kobe

Jamani, mimi sina makuu. Sina gari, sina kiwanja Kigamboni, hata kitambi changu ni cha kawaida tu. Nilichonacho ni kompyuta ya mezani, ile ya boksi, mtumba wa Kariakoo, ninayohariria video za harusi na sendofu hapa Tabata. Ndani ina prosesa, yaani ubongo wake, ya Pentium E5200, ya mwaka 2008. Kuna watoto wamezaliwa mwaka huo, wamesoma, wamefika kidato cha nne, yenyewe bado inapiga mzigo.

Kutoka kiwandani spidi yake ni gigahezi 2.5. Kijana mmoja akanifundisha kuipandisha. Unawasha mashine, unaigonga Delete kama unapiga ngoma, unaingia kwenye bayosi, ile kurasa ya mipangilio ya mashine yenyewe, pale palipoandikwa 200 (megahezi hizo, elfu moja ndiyo gigahezi moja) unaweka 266. Basi. Yenyewe inazidisha mara 12.5, unapata gigahezi 3.3 bila kutoa hata mia. Wajuzi wanaita kuovakloki. Mimi naita kumnywesha punda uji wa ulezi.

Usiku ule nilifaidi. Video ya harusi iliyokuwa inanikesha mpaka adhana ya alfajiri ilikwisha saa tisa na kitu. Nikalala simba (sisemi Simba ya Msimbazi, msinianzishie).

Asubuhi nawasha: 2.5.

Nikasema labda nilisahau kuhifadhi. Nikaingia tena, 266, nikahifadhi, nikapiga kazi mpaka usiku. Kesho yake: 2.5. Nikarudia. 2.5. Wiki mbili nzima kila asubuhi naanza siku kwa kumkumbusha punda kwamba yeye ni farasi.

Nikamwita fundi. Fundi wa kompyuta hana tofauti na mganga, kwanza anatikisa kichwa. "Kaka, hii inachemka." Akafungua, akafuta pesti ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa, akapaka mpya. Elfu kumi. Kesho: 2.5. "Basi hewa haitoshi." Feni ya pili, elfu ishirini na tano. Sasa boksi linavuma kama daladala inayopanda mlima, lakini asubuhi: 2.5. "Basi ni pawasaplai, hili boksi linalolisha mashine umeme, umeme hautulii." Elfu sitini, na ya zamani akaondoka nayo, sijui anaipeleka wapi.

Kusema kweli hakuwa anadanganya. Mashine iliyopandishwa spidi ikishindwa kuwaka vizuri, mazabodi nyingi, zile bodi kuu za ndani, hujirudisha zenyewe kwenye spidi ya kiwandani, na joto au umeme dhaifu vinaweza kabisa kuleta hayo. Lakini mwenzenu nikawa nawaza: huyu mnyama nambebesha video yenye urefu wa saa nne, usiku kucha, hakwami, hajizimi. Akilala tu, amesahau. Hiyo si homa. Hiyo ni ile ya baba mkubwa wangu, anayekusalimia vizuri jioni, asubuhi anakuuliza wewe ni mtoto wa nani.

Kilichonifungua macho ni bwana harusi. Nimempelekea video yake, akanipigia: "Kaka, mbona faili limeandikwa Januari 2009? Mke wangu mwaka huo alikuwa shule ya msingi!" Nikacheka. Kisha nikaacha kucheka. Nikaangalia saa ya kompyuta pale kwenye kona. Januari 1, 2009. Na kumbe ndiyo maana kila tovuti ilikuwa inanikatalia eti muunganisho si salama, mimi nikamlaumu mtoto kwamba amebofya vitu. Zuhura, mwanangu, nisamehe.

Halafu ndugu zangu, kuna jambo la aibu zaidi. Kila asubuhi mashine ikiwaka, kioo kilikuwa kinaandika maneno meupe ya Kiingereza, chini yake kinaniambia nibonyeze F1. Nikibonyeza inaendelea. Siku hiyo kwa mara ya kwanza nikayasoma. Ilikuwa inaniambia, kwa adabu kabisa, kwamba kumbukumbu ya mipangilio imeharibika na imerudi ya kiwandani. Wiki mbili mtu anakueleza ugonjwa wake, wewe unambonyeza tu F1!

Kumbe pale kwenye mazabodi kuna kibetri cha duara, CR2032, volti 3, ukubwa kama sarafu. Ndicho kinachoshika saa na ile 266 yangu kompyuta ikikosa umeme. Changu kilikufa zamani. Nikaenda kwa fundi saa pale sokoni. Shilingi elfu moja na mia tano. Nimeshatoa tisini na tano elfu, ndugu zangu.

Lakini mbona nyumbani kwa aliyeniuzia ilikuwa haisahau? Hapo ndipo anapoingia Mama Zuhura. Kompyuta ikizimwa lakini ikabaki kwenye soketi yenye moto, pawasaplai inaendelea kuilisha kidogo, kile kibetri kinapumzika. Mama Zuhura akiamka kuswali alfajiri, anapita ukuta mzima akizima swichi, yuniti za LUKU zisipotee. Tivi, taa ya veranda, kompyuta yangu.

"Mama Zuhura, hii swichi usiwe unaizima."

"Baba Zuhura, kitu kimezimwa kinakula umeme wa nini?"

"Kinakumbuka."

"Kinakumbuka nini?"

"266."

Akaniangalia kwa muda. "Hiyo si ungeiandika kwenye karatasi?"

Sikuwa na jibu, nikafunga kibetri kipya, nikaiwekea tena 266 yake. Asubuhi nawasha: tarehe ya leo, hakuna F1, gigahezi 3.3. Nikapiga vigelegele peke yangu, mwanaume mzima. Nikafungua programu ya kupimia spidi aliyoniwekea fundi, nijipe raha kidogo.

1.6!

Haijafika hata ya kiwandani! Nikampigia fundi na chai bado iko mdomoni. Akacheka mpaka simu ikakwaruza. "Kaka, umeipa kazi gani?" Sijaipa kazi. "Basi inapumzika. Ikikaa bure inajishusha yenyewe, ile mara 12.5 inakuwa mara 6, isile umeme ovyo. Fungua video uone." Nikafungua video. 3.3. Nikafunga. 1.6.

Simu ilikuwa kwenye spika. Mama Zuhura, huku anakuna nazi, akasema, "Afadhali hiyo."

Sasa humu ndani wazima swichi wako wawili.