Si Unauza Rangi Wewe?

Mimi nauza rangi. Rangi ya ndoo, lita 4 na lita 20, ya maji na ya mafuta, pamoja na thina, msasa, misumari na brashi. Ukija dukani kwangu Mbagala ukasema unataka kupaka sebule, nakutajia idadi ya ndoo kabla hujamaliza salamu. Kosa langu ni moja tu: mwaka juzi nilinunua laptopu ya mtumba niandikie madeni. Tangu siku hiyo ukoo mzima unaniona mhandisi. Simu ikizima, naitwa. King'amuzi kikigoma, naitwa. Juzi nimeitwa kwa ajili ya pasi!

Wiki iliyopita kapiga shangazi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Nina kikazi kidogo."

Mtu akikwambia ana kikazi kidogo, funga duka ukalale.

Kisa chenyewe ni sendofu ya binti yake. Shangazi ndiye aliyekuwa mkali wa sare. Alichagua damu ya mzee, akatangaza kwamba atakayekuja na rangi nyingine atatozwa elfu kumi. Wanawake 22 wakatii. Siku ya siku fundi cherehani wake akazima simu, na shangazi akaingia ukumbini na gauni la rangi ya chungwa, akakaa katikati ya picha. Nani wa kumtoza? Sasa anataka kuitundika sebuleni. "Libadilishe gauni tu, mwanangu, niwe kama wenzangu."

Nikamwambia shangazi, mimi mambo hayo siyajui.

"Huyajui vipi, si unauza rangi wewe?"

Usiku nikafungua Paint, programu ya kuchorea, ile inayokuja na kompyuta. Ni kongwe kweli, ilikuwemo kwenye Windows ya kwanza kabisa ya 1985. Ndani nikakuta alama ya kindoo kinachomwaga rangi. Moyo ukatulia. Ndoo! Hapo nimefika kwangu.

Ikaja kuchagua rangi. Kompyuta haijui damu ya mzee. Haijui ugoro wala kijani cha mgomba. Inataka namba tatu, ya nyekundu, ya kijani na ya bluu, kila moja kuanzia 0 mpaka 255. Nikahangaika mpaka nikaipata: 128, 0, 0. Mzee mwenyewe simwoni hapo, lakini damu ni yake. Njiani nikajaribu nyekundu 255 na kijani 255, ikatoka njano! Nikacheka peke yangu. Dukani ukichanganya nyekundu na kijani unapata tope, na mteja anarudi na kaka zake. Kumbe kwenye kioo unachanganya mwanga, na mwanga una hesabu zake.

Haya, nikamwaga ndoo kwenye gauni. Kikapakwa kidoa, kama punje ya mtama. Nikamwaga tena, kidoa kingine. Baada ya robo saa shangazi alikuwa na surua. Nikaikuza picha nione kuna nini, na hapo ndipo nilipochoka. Ile picha ilikuwa imeshapita kwenye simu za watu watano, imebanwa na kubanwa tena. Unachokiona wewe ni chungwa moja, ndani yake kuna vijiraba vidogo vidogo, hiki chungwa bivu, hiki chungwa bichi, hiki limeoza, na kindoo kinajaza tu vinavyofanana na vilivyoshikana.

Mke wangu akapita nyuma, akakuta kioo kizima ni bega la mwanamke.

"Nani huyo?"

"Shangazi."

Akaguna, akaenda kulala.

Kesho yake kijana wa steshenari jirani akaniwekea GIMP, programu ya kurekebisha picha, ya bure, yenye nembo ya mnyama aliyeng'ata brashi. Humo kuna kipimo cha kuiambia rangi ziachane kiasi gani ndipo izihesabu tofauti. Mimi nakiita kipimo cha uvumilivu. Kilikuja kimewekwa 15, likapakwa bega. Nikaweka 40, gauni likaenea, na shingo pia. Nikaweka 60, na shangazi mzima akawa damu ya mzee, uso, mikono, kipande cha keki na mkono wa mama mkwe uliokuwa begani kwake. Kumbe ngozi zetu na chungwa ni ndugu wa tumbo moja, zote zimetoka kati ya nyekundu na njano. Kompyuta inaona ukoo, haioni nguo.

Ikabidi nilizungushie gauni mstari kwa mkono, kama fundi anavyobandika tepu kwenye fremu ya dirisha. Siku mbili! Kila nikifika kwapani umeme unakatika. Nikapaka, rangi ikakaa vizuri, lakini mikunjo ya nguo yote ikafa. Shangazi akawa pipa. Kijana akanielekeza nifungue tabaka jingine juu ya picha, rangi ishike na mikunjo ibaki. Mikunjo ikabaki kweli, ila weupe wa chungwa nao ukabaki, gauni likawa rangi ya juisi ya tikiti.

Hapo ndipo duka lilipofanya kazi. Mteja akitaka kupaka rangi nzito juu ya ukuta uliokwisha kupakwa, namwambia nini? Andakoti kwanza! Nikaliondolea gauni rangi yote likawa kijivu tupu, juu yake tabaka la damu ya mzee, nikalitegesha lizidishane na la chini. Jamani! Mikunjo ikarudi, kivuli cha kiuno kikarudi, hata kifungo cha mkononi kikaonekana. Kilichobaki ni mwanga wa chungwa chini ya kidevu, kwa sababu gauni lile lilikuwa linawaka mpaka linamulika uso. Nikaufuta kidogo kidogo, nusu saa nzima, kidevu tu. Kwa furaha nikaihifadhi picha juu ya ile ile ya zamani, nikamfutia na kijana nakala aliyokuwa nayo, tusije tukachanganya.

Shangazi akaja Jumamosi. Nikamwekea kiti, nikamfungulia picha, nikasimama pembeni kama daktari. Akavaa miwani. Akatazama kutoka kushoto kwenda kulia, safu ya mbele, safu ya nyuma, akarudia.

"Mimi niko wapi?"

"Huyu hapa, shangazi. Katikati."

Akasogea, akanyamaza, akavua miwani akaifuta kwa kanga, akaivaa tena.

"Mbona nimepotea hivi? Mwenye shughuli nafanana na waalikwa!" Akaniangalia. "Ile ya chungwa ilinitoa kweli, baba. Hebu nirudishie ile."