Barua Iliyomzika Mzee wa Bahi

Ofisi ya wakili wa mirathi inaishi kwa barua za kukumbusha. Msimamizi wa mirathi akishateuliwa, Sura ya 352, ndiyo sheria ya mirathi, inampa miezi sita awasilishe mahakamani orodha ya mali za marehemu, na mwaka mmoja awasilishe hesabu. Wasimamizi wetu wakishapata tu hati mkononi, mahakama wanaisahau. Kwa hiyo ni barua ile ile kila mara, kinachobadilika ni majina, na karani wa kuichapa ni mimi.

Ndipo wakili wangu akaleta kijana wa kompyuta. Majina yote kwenye jedwali la Excel, kiolezo cha barua kwenye Word chenye nafasi za kujazwa, unabonyeza, printa inatapika. Na kweli ilitapika. Wakili alisimama pale akichekelea kama mtu aliyefunua chungu cha makande na kukuta yameiva. Hakusoma hata moja. Akapiga sahihi na muhuri, kijana akalipwa, akadandia bajaji, mimi nikaachiwa bahasha na gundi.

Kumbe kijana alikuwa amepachika jina la marehemu mahali pa msimamizi, na la msimamizi mahali pa marehemu. Bahasha zilikuwa sahihi, maana nilizijaza kwa mkono. (Sifa hiyo naomba nipewe.)

Wa kwanza kutokea alikuwa bibi mmoja wa Chang'ombe.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hebu nisomee, mjukuu wangu kasoma akaanza kucheka."

Nikasoma. Mumewe, tuliyemsindikiza makaburini kwa macho yetu, anakumbushwa kuleta orodha ya mali zilizoachwa na marehemu bibi huyu aliyekaa mbele yangu na kanga mbili. Sauti ikanikwama.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyekufa, na mgawaji ni yeye?"

"Ni kompyuta, bibi."

"Maisha yake yote hela ya mboga ilikuwa ya kuombwa kama viza. Kafa, bado mnamkabidhi funguo!"

Hapo zamani balaa hili lisingetokea. Barua zetu zilikuwa za Kiingereza, mteja anaziweka chini ya godoro bila kuzisoma. Lakini mwaka 2021 sheria ikabadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, na ofisi yetu nayo ikahamia Kiswahili. Watu wakaanza kusoma. Tabu ikaanzia hapo.

Ile ya Bahi tulimpa konda wa basi, konda akamwachia mtendaji wa kijiji, mtendaji akaifikisha nyumbani. Mzee mwenyewe alikuwa mnadani Msalato na ng'ombe wake, simu imeisha chaji. Binti yake akafungua, jicho likatua kwenye "marehemu" na jina la baba, chini muhuri mwekundu wa wakili. Nani angeendelea kusoma? Yowe likapigwa.

Jioni mzee anashuka kwenye gari, anakuta kwake kumejaa watu. Mtani wake Mhehe kavaa kofia yake, kashika fimbo yake, anamwigiza anavyochechemea. Alipomwona mwenyewe anakuja, hata hakushtuka. "Marehemu, rudi ulikotoka, sisi tumeshachinja!"

Asubuhi yake mzee huyo mlangoni kwetu. "Mbukwenyi!" akatusalimu kwa Kigogo. Barua kaikunja mara nne kwenye mfuko wa koti. Wakili alitoka ofisini kwake mwenyewe, jambo ambalo huwafanyia majaji tu, akamvutia kiti, akaagiza soda, akaomba radhi mpaka nikamwonea huruma. Akanyoosha mkono.

"Naomba hiyo barua mzee wangu, tuichane, nikuandikie nyingine bure."

"Hapana. Hii nakaa nayo."

"Ya nini tena mzee?"

"Wanangu wawili niliwakuta wanalia. Wa tatu nilimkuta zizini na kalamu."

Wakili akakohoa, akajaribu kurudi kwenye sheria. "Sawa mzee, ila ile orodha ya mali za marehemu kaka yako bado inahitajika. Miezi sita inakaribia kwisha."

Mzee akamaliza soda yake kwanza.

"Ataiandika huyo wa zizini. Kuhesabu nimeona anajua."