Kazi mradi ya utalii kwa wenye ulemavu: nani apime Saanane?

Shule inapowapa wanafunzi kazi mradi kuhusu utalii unaofikika na watu wenye ulemavu, pingamizi la kwanza halikawii, tena lina uzito: shule yenye choo cha ngazi tatu na mlango mwembamba ina uso gani wa kwenda kukagua gati la watalii? Mwalimu ana darasa lililofurika, mzazi anahesabu nauli, na kwa wengi hapa Mwanza utalii bado ni mambo ya wageni.

Sawa, choo kipimwe kwanza, wiki ya kwanza ya mradi, na taarifa iende kwa kamati ya shule. Lakini pingamizi hilo linasahau siku ya ziara. Basi likiondoka kwenda Makumbusho ya Bujora, Kisesa, mwanafunzi wa kiti mwendo ni rahisi kuachwa nyuma kwa maneno ya upole: "tusimchoshe". Huyo ndiye mtalii wa kwanza wa mradi huu, wala hajatoka Ulaya. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unayataja maeneo ya utalii waziwazi katika kifungu cha 30.

Saanane, kisiwa cha Ziwa Victoria hapa Mwanza, ni mfano mzuri kwa sababu ni mgumu. Ni hifadhi ya taifa tangu 2013, ndogo, kilomita za mraba zipatazo 2 pamoja na maji yanayoizunguka, na kwa boti ni dakika chache tu kutoka mjini. Sehemu kubwa ni mawe, makao ya pimbi, na hakuna mwenye akili anayedai miamba isawazishwe. Swali lipo kati ya gati na ukingo wa boti. Ziwa hupanda na kushuka; mwaka 2020 lilifurika hadi kumeza fukwe na magati mengi. Kikundi cha kidato cha tatu kikienda mara moja na futikamba, kitarudi na kipimo cha siku hiyo tu. Kikipima kila mwezi, mwaka mzima, kitakuwa na kitu ambacho fundi wa gati anaweza kukitumia. Hesabu yake ni ya darasani: mteremko unaoshauriwa kwa kiti mwendo ni 1 kwa 12, hivyo kimo cha sentimita 60 kinadai njia ya mita 7.2. Je, nafasi hiyo ipo?

Tena ulemavu si magurudumu peke yake. Kanda ya Ziwa ina watu wengi wenye ualbino, na kwao boti isiyo na turubai saa sita mchana ni kizuizi kamili, ingawa kukiondoa ni rahisi kuliko kujenga njia yoyote. Bujora, kwa upande wake, ina ngoma za Wasukuma: asiyeona ataambulia mengi pale akiruhusiwa kuzigusa. Mhifadhi atahofia ngozi kuukuu, na ana haki. Basi itengwe moja ya kuguswa.

Penye mchezo wa kuwafunga wanafunzi vitambaa machoni ili "waonje upofu", niko na wakosoaji moja kwa moja. Dakika chache za giza hufundisha woga wa mtu aliyepofuka leo asubuhi. Hazigusi ustadi wa aliyeshika fimbo nyeupe tangu utotoni. Watoto hurudi wakisema "masikini", na huruma hiyo haijawahi kurekebisha ngazi hata moja. Mpimaji awe mwenye ulemavu mwenyewe, alipwe nauli na posho kama mshauri mwingine yeyote. Shule isiyo na fedha hizo iache kisiwa, ipime njia ya kutoka kituo cha daladala hadi panapoonekana Jiwe la Bismarck, mwamba maarufu ulio ziwani kando ya mji.

Kinachonitia shaka zaidi ni ripoti kuishia kabatini, ikiwa na pendekezo moja: "serikali iangalie". Serikali ipi? Hifadhi iko chini ya TANAPA, barabara nyingi za mitaa ziko TARURA, bandari ni za TPA, na konda anayekataa kupakia kiti mwendo ana tajiri wake. Mwalimu adai barua nne tofauti, kila moja na kipimo chake, na atoe alama kwa barua zilizofikishwa, si kwa jalada lililopambwa.