Mieleka ya Tuva na Bukta ya Kuazima

Kama hujawahi kusikia Tuva, usijilaumu. Hata Warusi niliosoma nao Krasnoyarsk, mji wa Siberia, walikuwa wakiijua kwa mambo mawili tu: kwamba Sergei Shoigu, yule aliyekuwa waziri wa ulinzi, kazaliwa huko, na kwamba watu wake huimba kwa koo, mtu mmoja akatoa sauti mbili kwa mpigo. Iko kusini kabisa mwa Siberia, imepakana na Mongolia. Eneo lake ni karibu kilomita za mraba 170,000 na watu wamezidi kidogo 330,000. Maana yake kila mwananchi, hadi kichanga, ana nusu kilomita ya mraba ya kutembeza ng'ombe wake. Msukuma ukimpa hesabu hiyo analia.

Treni haifiki. Mwaka 2011 Putin alikwenda Kyzyl, mji mkuu, akagongelea msumari wa fedha kuzindua ujenzi wa reli, na reli yenyewe inasubiriwa hadi leo. Wakati huohuo kuna stempu ya Tuva ya miaka ya 1930 inayoonyesha ngamia akikimbizana na treni. Ngamia wapo, nimewaona. Treni ndiyo bado.

Mwenzangu wa chumba hosteli alikuwa Mtuva. Kiangazi kimoja akaniambia, "Twende nyumbani, mtoto wa dada yangu anakatwa nywele." Nikamwuliza hakuna vinyozi? Akanieleza kwamba kwao mtoto haguswi nywele mpaka afikishe kama miaka mitatu, halafu ukoo mzima unakusanyika, kila mtu anamkata mtoto shungi moja na kuahidi zawadi: kondoo, ndama, farasi. Kusikia habari ya ndama nikafunga begi.

Tukapanda treni hadi mji wa Abakan, kisha basi dogo, karibu kilomita 400 kuvuka milima ya Sayan. Dereva alikuwa mtu mfupi, mkimya, ana meno mawili ya dhahabu. Juu kwenye kipito cha mlima akasimamisha gari penye rundo la mawe lililofungwa vitambaa vya rangi, akanyunyiza maziwa kuiheshimu milima, kisha akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu Abakan. Akauliza, kwenu kuna simba?

Nikamjibu kuna simba, Serengeti si mbali na kwetu. Na kwa kuwa baridi ilikuwa inauma na mazungumzo yanapasha joto, nikamweleza habari ya kweli kabisa: kwamba zamani Usukumani, mtu aliyeua simba alikuwa akizunguka kaya hadi kaya akicheza ngoma, na kila kaya inamtunza. Nikaongeza kwamba kwa masimulizi ya ukoo, babu yangu mkubwa aliwahi kuzunguka hivyo. Dereva hakusema neno. Akavuta sigara yake hadi mwisho, akapanda garini, akapiga simu.

Kyzyl tukaishia kupiga picha kwenye mnara wa Katikati ya Asia, ukingoni mwa Yenisei, pale mito miwili inapoungana. (Wachina nao wana katikati yao ya Asia karibu na Urumqi. Hayo wamalizane wenyewe.) Nilitaka kupiga picha na mnara, lakini watu wakaja kupiga picha na mimi. Jambo hilo nimelizoea Urusi. Nisilolizoea ni yule bibi aliyenishika msuli wa mkono, akauminya, akamgeukia mwenzake na kutikisa kichwa kwa heshima.

Kijijini tulipokelewa na mahema ya duara matatu na moshi wa kuni. Rafiki yangu akaninong'oneza nisikanyage kizingiti, ni mwiko. Nikakiruka kizingiti vizuri sana, nikagonga kichwa juu ya mlango. Ndani nikapewa chai ya maziwa yenye chumvi, na unga wa shayiri iliyokaangwa ambao unaukoroga na chai na siagi hadi ushikane. Hapo hatukugombana. Ukinipa unga na kitu cha moto cha kuuchanganyia, mimi niko nyumbani.

Babu wa ukoo, kazaliwa mwaka 1943, akaniweka karibu naye. Akanisimulia kwamba yeye hakuzaliwa Urusi. Amezaliwa Jamhuri ya Watu wa Tuva, nchi iliyoanza mwaka 1921, ikiwa na bendera yake, fedha yake na hizo stempu zake, hadi Oktoba 1944 ilipoingizwa Muungano wa Sovieti. Kisha mwaka 1991 Sovieti nayo ikavunjika. Nchi tatu, na bonde ni lilelile. Nikamwambia babu yangu naye kazaliwa Tanganyika ya Mwingereza, mwaka 1961 akaamka yuko Tanganyika huru, mwaka 1964 akawa Mtanzania, na muda wote huo hajatoka Magu. Mzee akacheka hadi akakohoa. Akaita sahani.

Wameshachinja kondoo kwa namna yao: wanapasua kidogo kifuani, mkono unaingia, mshipa mkubwa unakatwa humohumo ndani, na damu haimwagiki hata tone ardhini. Sahani ilipofika, juu yake kulikuwa na kipande cha mafuta ya mkia, cheupe, kinene kama mche wa sabuni. Hiyo ni sehemu ya mgeni wa heshima. Ukoo mzima ukanyamaza kunitazama. Nilikula. Mdomo uliteleza kiasi kwamba asante yangu ilitoka yenyewe.

"Mbona heshima hizi zote?" nikamwuliza rafiki yangu.

Akakuna kichwa. "Ndugu yangu, wanasema umeua simba."

"Nani kasema?"

"Dereva alimwambia mkewe. Mkewe ni binamu wa shangazi."

Kumbe kuna zaidi. Wababe wa mieleka kwao hupewa vyeo vya wanyama, na Simba ni miongoni mwa vyeo vya juu. Habari ilipopita kwa binamu na kufika kwa shangazi, haikuwa tena habari ya mnyama. Mimi nilikuwa bingwa kutoka Afrika niliyewaangusha mabingwa wenzangu, na nimekuja kupigana kumheshimu mtoto. Ulingo ulikuwa umeshafyekwa nyasi.

Nikajaribu kueleza. Kirusi changu ni cha uhandisi wa maji. Naweza kukuelezea pampu inavyosukuma, lakini sina maneno ya kukataa mieleka bila kumtusi mtu mbele ya wajomba zake. Nikaletewa mavazi: kijikoti cha mikono mirefu kilicho wazi kifuani, na bukta ya satini nyekundu. Mwenye bukta alikuwa kijana mwembamba. Mimi wakati ule nilikuwa na kilo 104. Viatu vyao vilivyopinda ncha havikunipita hata kidole gumba, nikaingia uwanjani na soksi.

Sheria yenyewe ni fupi. Hakuna makundi ya uzito, na anayegusa ardhi kwa kitu chochote zaidi ya nyayo ameshindwa. Kabla ya kushikana, kila mmoja anacheza ngoma ya tai, mikono imekunjuliwa, taratibu, kwa madaha. Mpinzani wangu akaingia akielea kweli kama ndege. Alipotabasamu nikaona meno mawili ya dhahabu.

Dereva! Naye hakuwa amejitolea. Wajomba walimwambia, wewe ndiye uliyemleta, wewe ndiye unayemjua.

Ikafika zamu yangu kucheza. Tai siijui. Ninachokijua ni bugobogobo, ngoma ya jembe, niliyoicheza tangu niko shule ya msingi. Jembe halikuwepo, nikaazima fimbo ya babu. Nikaingia kwa bega, nikairusha juu fimbo, nikaidaka, umati ukapiga kelele. Sifa zikanipanda kichwani. Nikairusha tena, nikachuchumaa kama mtu anayelima tuta, na hapo nikasikia nyuma yangu kitambaa kinasema *tarararaa*.

Upepo wa Siberia una tabia ya kukujulisha ukweli haraka.

Nikasimama wima. Mkono wa kushoto ukaenda nyuma kukusanya bukta kwenye ngumi. Mkono wa kulia nikaunyoosha mbele, maana mwamuzi alikuwa ameshapiga makofi ya kuanza. Dereva akauona ule mkono uliofichwa mgongoni, akasita. Akazunguka kushoto, nami nikageuka naye ili wanawake waliokaa upande wa mahema wasione nyuma. Akazunguka kulia, nikageuka. Tulizunguka hivyo muda mrefu, yeye jasho linamtoka, akiamini mkono ule ndio uliowamaliza simba na kwamba nauweka akiba.

Mwishowe woga ukageuka ujasiri. Akajitupa, akanishika kijikoti, akachomeka mguu. Kwa sekunde moja ningeweza kumshika kiuno na kumwangusha kwa uzito peke yake, ila ilihitaji mikono miwili. Nikapiga hesabu. Nikachagua bukta.

Nilianguka chali, na kwa hali ilivyokuwa, chali ndiko palipokuwa salama. Nikakataa kuinuka. Watu wakadhani nimevunjika. Rafiki yangu akainama, nikamnong'oneza, akarudi na vazi refu la hariri la babu yake, nikavingirishwa na kubebwa na wajomba wanne. Shangazi aliishona ile bukta kwa uzi wa mshipa wa ng'ombe, akicheka peke yake.

Jioni, mwenye kondoo akaja, mwenye farasi akaja, wote wananipa mkono. Kwa maelezo waliyokuwa nayo, bingwa wa Afrika alipigana kwa mkono mmoja makusudi, asimuumize baba wa watoto wadogo. Mtoto mwenyewe wa sherehe alinipa shungi la nywele zake nilishike, akalinyang'anya tena.

Kurudi Abakan gari lilikuwa lilelile. Pale kwenye mawe ya mlimani dereva akanyunyiza maziwa yake, kisha yule mtu mkimya akawageukia abiria na kuongea mfululizo, akionyesha mguu wake ulivyoingia. Mkono mmoja hakuutaja. Kijana wa kiti cha mbele akauliza huyu Mwafrika ameua simba wangapi. Dereva akanyoosha vidole vitatu.

"Wanne," nikasema.