Kitako cha kukunja kwenye Mini-14: bawaba inabadilisha nini hasa?

Septemba 1994 Marekani ilipopiga marufuku utengenezaji wa bunduki za nusu-otomatiki zenye maumbile ya kijeshi kwa ajili ya raia, sheria ile iliambatana na orodha ndefu ya bunduki zilizosalimika. Ruger Mini-14, bunduki ya nusu-otomatiki ya kampuni ya Ruger, imo, na pembeni ya jina lake kuna sharti fupi: isiwe na kitako (sehemu ya nyuma inayokaa begani) cha kukunja. Mtutu ni ule ule, risasi ni ile ile ya .223 Remington, na ukivuta triga mara moja inatoka risasi moja. Iwekee nyuma kitako chenye bawaba ya kukunjia, tayari imehamia upande wa pili wa sheria. Marufuku hiyo ilikoma Septemba 2004, ila ubishi wake unaendelea hadi leo katika kila duka linalouza vitako vya aina hiyo.

Sababu ya sharti lile ilikuwa ya kihesabu. Bunduki yenye magazini ya kuchomoa ilihesabiwa kuwa ya kijeshi ikiwa na angalau alama mbili kati ya tano zilizotajwa, na kitako cha kukunja kilikuwa alama mojawapo, kishikio cha mtindo wa bastola kikiwa nyingine. Kitako cha kukunja cha Mini-14 kinakuja na kishikio hicho, kwa kuwa ukishakunja sehemu ya nyuma lazima mkono ubaki na pa kushika. Kubadilisha kipande kimoja kulijaza alama mbili kwa mpigo.

Mini-14 ilitoka miaka ya 1970, kazi ya William Ruger na L. James Sullivan, na mtambo wake umefuata mfano wa bunduki za jeshi za M1 Garand na M14, kwa udogo. Springi inayoirudisha boliti, kile chuma kinachosogea kuingiza risasi na kutoa ganda, imekaa mbele, chini ya mtutu. Nyuma ya mwili wa chuma hakuna kinachofanya kazi, kwa hiyo kitako ni mbao au plastiki ya kushikia tu. AR-15, bunduki nyingine maarufu ya nusu-otomatiki, ni tofauti kabisa: springi yake imo ndani ya bomba la kitako, na boliti hurudi nyuma kuingia humo. Anayetaka kuikunja AR-15 hulazimika kufunga bawaba maalumu kati ya mwili na bomba, na bunduki haipigwi ikiwa imekunjwa, maana boliti haina pa kurudia. Mini-14 ikikunjwa bado inafanya kazi kamili. Hapo ndipo hoja za pande zote mbili zinapoanzia.

Kubadilisha kitako chenyewe ni kazi ya dakika chache. Chomoa magazini, vuta boliti nyuma, tazama ndani ya chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, na uingize kidole kuhakikisha haina risasi. Achia boliti irudi mbele, nyundo ikiwa imejikoki (imevutika nyuma tayari kupiga), kisha weka usalama kwa kusukuma kile kibati cha mbele ya triga kirudi ndani ya duara, ule mviringo wa chuma unaoizunguka triga. Nyundo isipokuwa imekokiwa, mtambo wa triga haukubali kutoka. Nyuma ya duara la triga kuna kitundu: ingiza ncha ya chuma chembamba, vuta, na duara litafunguka kuelekea chini. Mtambo mzima wa triga hutoka mkononi. Inua sehemu ya nyuma ya mwili wa chuma, uivute itoke kwenye kitako cha zamani, ikae kwenye kipya, kisha rudisha kwa mpangilio huo huo kinyumenyume.

Wengi hupita haraka kwenye hatua ya kulifunga duara la triga, na ndiyo yenye siri. Lile duara ndilo kamba inayokibana kitako na chuma pamoja. Likifunga lenyewe bila kusukumwa, kitako kimelegea: kila risasi ikitoka chuma kinahama kidogo, na shabaha inatawanyika hata kwa mpigaji mzuri. Likihitaji kugongwa kwa nyundo, limebana kupita kiasi na huenda likapindisha kitako. Linalofaa ni lile linaloanza kugoma likiwa limebakiza kidogo, kisha linaingia kwa nguvu ya kiganja. Kitako kilicholegea hutibiwa kwa kujaza gundi ya epoksi pale chuma kinapokalia, baada ya kupaka nta ya kuachilia kila mahali ambapo gundi haitakiwi kushika. Anayesahau nta anaishia na bunduki iliyoganda ndani ya kitako chake.

Bawaba nayo ina kipimo chake. Kunjua kitako, kifunge, shika kishikio kwa mkono mmoja na kwa mwingine sukuma sehemu ya bega juu na chini, kisha kushoto na kulia. Mlegezo mdogo usioonekana kwenye bawaba unakuwa mkubwa unapofika shavuni. Kitako cha bei rahisi kinaweza kuanza kikiwa kigumu, halafu pini ikala tundu lake baada ya risasi mia kadhaa. Angalia pia kitako kikunjwapo kinaelekea wapi: mpini wa boliti wa Mini-14 uko kulia na maganda hurushwa upande huo kwa nguvu sana, hivyo chochote kinachosogea pale kitagongwa au kitasababisha ganda likwame.

Halafu kuna shavu. Vitako vingi vya kukunja ni bomba jembamba la chuma. Kwa vilengeo vya chuma vya kiwandani, jicho linaweza kupata mstari. Ukiweka darubini, jicho linapaswa kupanda, shavu halina pa kulala, na kichwa kinaelea hewani. Kila mara jicho linakaa mahali tofauti kidogo na risasi zinafuata jicho. Bomba hilo asubuhi ya baridi ya jimbo la Montana ni barafu.

Kwa mtazamo wangu, mwenye dola mia mbili tatu za kuiboresha Mini-14 ana mahali bora pa kuziweka. Ugonjwa mkubwa wa bunduki hii ni gesi ya baruti inayosukuma boliti kuwa nyingi kupita haja. Chini ya mtutu kuna kizuizi cha gesi chenye vipande viwili vilivyobanwa kwa skrubu nne, na ndani yake kuna kijibomba kidogo chenye tundu la karibu inchi 0.08. Wamiliki wengi hukibadilisha kwa chenye tundu la inchi 0.045 hadi 0.05. Boliti hupunguza kishindo, maganda huanguka karibu badala ya kuruka mbali, na bunduki hutulia. Ukizidisha udogo wa tundu, boliti haifiki mwisho, na risasi dhaifu za ganda la chuma zitaanza kukwama, hasa kwenye baridi. Wakati wa kurudisha skrubu, zikaze kwa zamu kwa mfano wa msalaba hadi uwazi kati ya vipande viwili ulingane kushoto na kulia. Ukikaza upande mmoja kwanza, unausukuma mtutu, na unapopata joto risasi zinapanda au kushuka. Mitutu ya miaka ya mwanzo ni myembamba na inaonyesha tabia hii waziwazi. Ya kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000 ni minene na imetulia zaidi.

Magazini nunua ya Ruger. Zile za kampuni nyingine ni chanzo cha kawaida cha kukwama, maana midomo yake haina umbo sahihi la kuishika risasi. Triga iachie fundi mwenye leseni: kusugua kingo zinazoshika nyundo kunaweza kuifanya bunduki ilie yenyewe ikidondoka.

Tuwape haki wanaokitetea kitako cha kukunja. Mfugaji anayebeba bunduki kwenye gari la kazi kila siku anajua usumbufu wa chuma cha karibu mita moja nyuma ya kiti. Kabati la chuma lililo fupi linafungika vizuri zaidi likiwa na bunduki fupi, na bunduki iliyofungiwa ni bora kuliko iliyoegeshwa pembeni mwa mlango. Tena hakuna anayeweza kusema bawaba inaongeza nguvu au kasi ya risasi. Haiongezi.

Upande wa pili una ushahidi wenye damu. Tarehe 11 Aprili 1986, jijini Miami, mmoja wa wezi wawili wa benki alikuwa na Mini-14 ya kitako cha kukunja alipopambana na maafisa wa FBI kutoka ndani na kando ya magari. Maafisa wawili waliuawa na watano wakajeruhiwa. Tarehe 6 Desemba 1989 Mini-14 ilitumika katika mauaji ya wanawake 14 katika chuo cha uhandisi cha École Polytechnique jijini Montreal. Tarehe 1 Mei 2020 serikali ya Kanada ikaipiga marufuku pamoja na aina nyingine zipatazo 1,500. Yule wa Miami anaonyesha jambo ambalo watetezi hulikwepa: ufupi una faida kwa anayepiga akiwa ndani ya gari au anayeficha silaha chini ya koti. Faida ya mfugaji na faida ya mhalifu ni kitu kimoja.

Kwa hiyo swali la maana ni urefu, na hapo sheria za Marekani zinapingana zenyewe. Sheria ya shirikisho inataka mtutu usipungue inchi 16 na urefu wote usipungue inchi 26, lakini kitako hupimwa kikiwa kimekunjuliwa. Yaani kipimo kinachukuliwa katika hali ambayo haimtishi mtu. California hupima kikiwa kimekunjwa na kutaka inchi 30, ila juu yake imeongeza orodha ya maumbile, na kitako cha kukunja kwenye bunduki ya nusu-otomatiki yenye magazini ya kuchomoa kimo humo hata kama bunduki ni ndefu. Sheria ya jinai ya Kanada ina kanuni iliyo wazi kuliko zote: silaha inayoweza kupigwa ikiwa imekunjwa chini ya milimita 660 iko chini ya udhibiti mkali. Kanuni hiyo inauliza mambo mawili tu, ni fupi kiasi gani na inalia ikiwa fupi. Kwa kanuni hiyo pekee, AR-15 yenye bawaba, isiyopigika ikikunjwa, haihukumiwi sawa na Mini-14 inayopigika. Naiunga mkono kanuni ya namna hiyo kuliko orodha yoyote ya maumbile, kwa sababu inalenga kitu chenyewe kilichowapa hofu waliotunga sheria ya 1994.

Mini-14 ya mtutu wa inchi 18.5 na ile fupi ya inchi 16.12 zinatofautiana zaidi ya inchi mbili, na kitako kile kile kinaweza kukubalika kwenye moja na kukataliwa kwenye nyingine. Pima mwenyewe: bunduki tupu, boliti imefungwa, futi ya chuma sambamba na mtutu, kutoka mdomoni hadi mwisho wa nyuma. Kifaa cha mdomoni kinachofunguka kwa mkono usikihesabu.

Kwa Mswahili anayeishi Marekani kuna jambo zito zaidi ya inchi. Mwenye viza ya muda, ya masomo au ya matembezi, hakubaliwi na sheria ya shirikisho kumiliki bunduki wala risasi, isipokuwa ana msamaha maalumu kama leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Mwenye grini kadi anaruhusiwa kununua, lakini hukumu ya kosa la silaha ni sababu ya kufukuzwa nchini, hata aliyekaa miaka ishirini. Kitako kilichonunuliwa Texas na kufungwa Texas ni halali huko. Safari ya kwenda kumtembelea ndugu California ikiwa na bunduki hiyo nyuma ya gari inaweza kuwa kosa mara tu unapovuka mpaka. Kitako cha mbao kilichokuja na bunduki kitunze, kipake mafuta ya kitani, kiwe tayari kurudishwa kabla ya gari kuwashwa, na kile cha kukunja kibaki nyumbani.