Kodi kwenye ada za shule za praiveti Uingereza, hivi inamuumiza nani hasa?

Tangu tarehe 1 Januari 2025 shule za praiveti Uingereza zinatozwa VAT ya asilimia 20 kwenye ada, boding na kutwa zote, hakuna aliyebaki. Watu wamegawanyika kabisa na mi naona kila upande una lake la maana, ila wote wanaziongelea hizi shule kama vile zote ni moja.

Serikali ya chama cha Labour inasema watoto wanaosoma praiveti ni kama asilimia 7 tu, wazazi wao wengi wanajiweza, na hela itakayopatikana, takriban pauni bilioni 1.5 kwa mwaka, iende shule za serikali, ikiwemo kuajiri walimu 6,500. Na ukigeukia zile shule kongwe hoja inazidi kuwa nzito, maana Eton ilianzishwa 1440 na mfalme Henry VI isomeshe bure vijana 70 maskini, leo ada yake inapita pauni 50,000 kwa mwaka na imetoa mawaziri wakuu 20. Kwamba shule kama hiyo inahesabiwa taasisi ya hisani na mpaka mwisho wa 2024 ada yake ilikuwa imesamehewa VAT, wakati mwananchi wa kawaida anakatwa VAT mpaka kwenye umeme wa nyumbani kwake, hapana, hilo halitetewi.

Lakini sio kila shule kongwe ni Eton jamani. Zipo ndogo, zina miaka mia na zaidi, boding kidogo na kutwa wengi, hazina ardhi wala akiba ya urithi, mishahara inatoka kwenye ada ya muhula huu huu. Mzazi wa kutwa pale unakuta baba na mama wote wanafanya kazi, wanajibana, labda mtoto ana disleksia, yani shida ya kusoma na kuandika, na darasa la watoto 30 lilishamshinda. Akiwa na mpango rasmi wa mahitaji maalumu unaoitaja ile shule, halmashauri ndo inalipa na inarudishiwa VAT yake, ila asipokuwa nao, na wengi hawana, mzigo wote ni wa mzazi. Tena kodi yenyewe wakaianzisha katikati ya mwaka wa masomo! Mtoto wa mwaka wa mitihani unamhamishia wapi mwezi wa kwanza?

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Shule ikishasajiliwa VAT inaweza kudai ile VAT iliyolipa kwenye manunuzi yake, na kwa majengo ya kuanzia pauni 250,000 inaweza kudai sehemu hata kwa yaliyojengwa ndani ya miaka 10 nyuma. Sasa aliyekuwa anajenga mabwawa ya kuogelea na kumbi za maonyesho kipindi hicho ni nani kama sio shule tajiri? Yani aliyenazo anarudishiwa, yule mdogo aliyekuwa anaziba paa linalovuja hana kikubwa cha kudai.

Mi ningefungamanisha msamaha wa kodi na idadi ya nafasi za bure, unasomesha maskini wengi unalipa kidogo, husomeshi unalipa yote. Wanaopinga wanasema shule zitachezea hesabu, zitampa mtoto wa daktari punguzo la asilimia 10 halafu ziite ufadhili, na hapo wako sahihi, kwahiyo zihesabiwe nafasi za bure kabisa tu, ada na bweni, kama wale 70 wa Henry.