Msiniambie miezi mitatu ni kidogo

Juzi kwenye matanga ya mjomba wangu, hapa Kadutu, mjini Bukavu, Kongo, mzee mmoja alisimama akasema: "Tusijilaumu. Ugonjwa huu hauna dawa, hata kwa Wazungu." Watu wakaitikia. Nikashindwa kukaa, nikatoka nje.

Afadhali yeye kuliko waliokuwa wakinong'ona habari za karuho. Mjomba hakulishwa sumu. Neva zinazoamrisha misuli zilikuwa zinakufa, ndio ule ugonjwa wa Charcot, wengine huuita ALS. Alikuwa fundi cherehani. Siku moja aliniita nimtungie uzi kwenye sindano, nikadhani ni macho. "Macho naona, mwanangu. Kidole ndicho hakinisikii." Miaka miwili tukazunguka naye akitibiwa baridi yabisi.

Na dawa ipo! Riluzole ilijaribiwa kwa wagonjwa 155, matokeo yakatoka 1994, kisha kwa wengine 959 wa Ulaya na Amerika Kaskazini. Kuna waliomeza dawa na waliomeza kidonge kitupu, wala mgonjwa wala daktari hakujua nani kapata kipi. Haiponyi. Inasogeza maisha miezi miwili, mitatu hivi. Haya, ni michache, nakubali.

Lakini mimi nilimwona mjomba katika miezi mitatu ya mwisho ya sauti yake. Mikono imelala mapajani, binti yake ameshika mkasi, yeye anaelekeza kwa kidevu: "Hapana, rudi nyuma. Hapo. Kata." Hivyo ndivyo alivyomrithisha kazi. Angeongezewa mitatu mingine, angemfikisha kwenye koti. Jina la riluzole tuliandikiwa kwenye karatasi; hakuna duka la dawa tulilolikuta nayo.

Kuna dawa nyingine, AMX0035, iliyoruhusiwa Marekani 2022. Jaribio kubwa zaidi likaonyesha haisaidii, na 2024 ikaondolewa sokoni. Wengi wanakata tamaa wakisikia hivyo. Mimi napata imani, maana waliuliza tena na jibu chungu wakalipokea.

Kinachoniuma ni kwamba sisi hatumo kwenye maswali hayo. Dawa ya tatu, tofersen, iliyoruhusiwa Marekani 2023, inawafaa tu wenye hitilafu katika jeni ya SOD1, kama wawili kati ya wagonjwa mia. Je, mjomba alikuwa mmoja wao? Vita tunavijua, maabara hatuna, lakini daftari la kuandika wagonjwa wetu linahitaji nini? Damu yake haikupimwa na yeyote. Tumeizika naye Jumamosi.